Wa Kumpokea Mwalimu Béatrice

Ndugu, majirani, walimu na wote mliokuja kumsindikiza, asanteni. Mimi ni Huguette, binti wa kaka yake, niliyemwita tantine. Familia imeniomba nisome maisha ya shangazi yetu, marehemu Mwalimu Béatrice Mirindi, na imeniomba niseme kwamba aliipenda kazi yake. Nitasema kweli. Kufundisha alikupenda. Darasa alilopewa hakulipenda, na hakuficha.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1971 huko Uvira, mtoto wa tatu wa Mzee Mirindi na Mama Nabintu. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba binti yake, kabla hajaanza shule, alipanga masufuria ukutani akayafundisha kuhesabu. Marehemu mwenyewe alisema baadaye kwamba masufuria hayo ndiyo wanafunzi pekee waliomsikiliza mpaka mwisho.

Alisoma shule ya msingi Uvira na sekondari Bukavu, akapata diploma ya ualimu mwaka 1990. Alifundisha Uvira mpaka Oktoba 1996, vita vilipomvusha mpaka wa nchi pamoja na wazazi wake, wakaja Bujumbura. Hapa alikutana na Bwana Moïse, fundi umeme wa ghala moja la Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, wakafunga ndoa tarehe 17 Julai 1999. Mungu akawapa watoto wawili, Zénon na Nadège. Mimi nililetwa kwao nikiwa mdogo, baada ya baba yangu kufariki, na sikuwahi kuonyeshwa kwamba nilikuja nyuma ya wenzangu.

Mwaka 2008 alianza kazi katika shule moja ya binafsi hapa Gasenyi. Miaka mitano ilipita vizuri. Septemba 2013 alipewa Saba C, darasa ambamo shule inakusanya waliorudia mwaka, waliofukuzwa kwingine, na vijana wakubwa wanaobeba magunia alfajiri kisha wanakuja kulala kwenye madawati. Aliambiwa ni kwa mwaka mmoja tu.

Kila Septemba aliomba abadilishiwe. Mkurugenzi yupo hapa, atanisahihisha nikikosea. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Madame Béatrice, ukitaka kutoka, utulete mutu wa kukupokea."

Basi marehemu akatafuta. Wa kwanza aliyemleta aliondoka wakati wa mapumziko, na koti lake hajarudi kulichukua mpaka leo. Wa pili alifika mpaka Alhamisi. Wa tatu alisimama mlangoni, akasikiliza kelele, akasema amesahau simu nyumbani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi nyumbani tulicheka sana. Mume wake alikuwa akiwaambia wageni, "Mi nilioa mutu mumoja, nikapata na Saba C yote."

Yeye hakucheka kila mara. Alizunguka nyumba za wanafunzi wake, na wazazi wakamwambia, "Umupige tu, mwalimu, siye tulishashindwa." Hakupiga. Kulikuwa na binti mmoja, Sikuzani, ambaye aligeuza kiti chake akaangalia ukuta, akakataa kusema hata jina lake. Marehemu alichukua kiti chake mwenyewe, akaenda kukaa kando yake, naye akaangalia ukuta. Kila alipomaliza somo alirudi pale. Muhula ulipokwisha, Sikuzani akahamisha kiti, akakipeleka dirishani, akaanza kuangalia barabara. Jioni ile marehemu alikaa mezani bila kugusa chakula. "Huguette," aliniambia, "naongeaka kutoka asubui, na kila neno inanirudilia. Nimechoka."

Siku moja vijana walifunga mlango kwa nje kwa waya, naye akiwa ndani, wakaenda zao. Mlinzi, Mzee Atumani, alipofungua, alimkuta amevua viatu, ameegemea ubao. Akaanza kuwalaani wale watoto. Marehemu akamzuia: "Funga tena, Atumani. Kidogo tu. Uku ndani kuko kimya." Mzee Atumani anasema alifunga kweli, akangoja nje mpaka alipogongewa.

Mwaka 2022 madaktari waligundua presha na ugonjwa wa figo. Agosti mwaka huu miguu ilivimba, daktari akamkataza kusimama muda mrefu. Tulifurahi. Tulidhani sasa ametoka. Alikwenda kumweleza mkurugenzi, akarudi jioni, tukamuuliza amepewa nini. Akajibu, "Kiti." Alifundisha ameketi mpaka mwisho wa Oktoba.

Mwalimu Béatrice alifariki hospitalini asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mume wake. Ningependa kuwaambia kwamba Saba C walinyamaza habari ilipofika. Mzee Atumani alikuwapo. Anasema walipiga kelele kama kawaida.

Kuna jambo moja nililoliacha. Mimi nilimaliza masomo ya ualimu mwaka 2021, na tangu hapo nilikuwa nyumbani kwake, sina kazi. Miaka miwili alitafuta mtu mji mzima, na mtu alikuwa anakula naye meza moja. Hakuniomba. Siku nilipojitolea, aliweka kijiko chini kwa hasira. "We, apana. Mi sikukulea juu ya ile classe." Hatukulizungumza tena.

Alhamisi mkurugenzi alikuja kutoa pole. Hakuniuliza kitu, adabu ilimzuia. Mimi ndiye niliyemwambia. Naanza Jumatatu. Msinipigie makofi, naogopa, na sina hakika kama nitafika hata hiyo Alhamisi ya yule wa pili. Lakini shangazi alipewa sharti moja, na sikutaka ashuke kaburini sharti hilo bado linamshika.

Marehemu ameacha mume, Bwana Moïse. Watoto wake Zénon na Nadège. Mimi niliyemwita mama nilipougua na tantine nilipopona. Wadogo zake walioko Uvira. Na Saba C yote.

Tantine, wa kukupokea amepatikana. Unaweza kutoka. Pumzika kwa amani.