Bi. Tunu Anatuachia Majokofu

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, Bi. Tunu Talha anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ingawa kitengo kizima cha programu kina hofu.

Bi. Tunu alianza kwa kulehemu nyaya za redio za upepo, zile za mawasiliano, katika karakana yetu ya Temeke, akajiendeleza kimasomo, na leo ndiye mhandisi mkuu wa vifaa vinavyolinda majokofu ya chanjo kwenye zahanati, kuanzia Mbagala hadi Ukonga. Jokofu likipata joto, kifaa humpigia simu muuguzi. Kisipowaka, chanjo za watoto huharibika kimyakimya.

Programu ya kifaa tunaiandaa kwenye kompyuta za ofisini, kisha tunaihamishia kwenye kifaa chenyewe, ambacho prosesa yake ni ya aina nyingine. Programu hiyo huegemea maktaba sanifu, yaani zile kazi za msingi kama kusoma saa na kufungua faili, na toleo lake lazima lilingane na lililomo ndani ya kifaa. Ndiyo maana Bi. Tunu haamini majaribio ya kompyuta. Kila programu mpya hupakiwa kwanza kwenye kifaa kikuukuu mezani kwake, na hakuna anayegusa chai mpaka kiwake. Wilbert wa mauzo hajasahau chai ya saa nne aliyoinywa saa tisa.

Wiki iliyopita Bi. Tunu alituachia kazi yote, akakaa pembeni, mikono mapajani. Kompyuta ikasema kila kitu ni sawa. Kifaa hakikuwaka. Na programu ile ilikuwa iende zahanati zote jioni hiyo. Lusungu, anayeshika nafasi yake, alikosea hata nywila yake mwenyewe. Hatimaye akagundua tumeiunganisha na maktaba iliyokuja na zana zetu mpya, ilhali kifaa kina toleo la zamani. Akarekebisha, taa ya kijani ikawaka. Hakushangilia. Alimuuliza Bi. Tunu hofu hii huisha lini.

"Mie haijawahi kuniisha, mwanangu," alijibu. "Siku ikikuisha, mpe mwenzio hiyo kazi."

Bi. Tunu, ahsante kwa kila jokofu lililobaki baridi. Tunakuombea afya, wajukuu watundu na usingizi mnono huko nyumbani kwako Kinyerezi. Kuogopa sasa ni zamu yetu.