Mpasuo wa Tatu wa Mwalimu Kisimba

Ndugu, jamaa na majirani, ninyi nyote mliokesha nasi kwenye kilio hiki, sisi wa nyumba yake tunawasimulia maisha ya huyu aliyelala mbele yenu, Kisimba wa Kitwa, aliyebatizwa Wenceslas, ingawa kazini jina hilo la kizungu lilikatazwa na serikali akaitwa Sitwayeni, yaani Raia, Kisimba.

Alizaliwa Kinkondja tarehe 14 Machi 1936, mtoto wa pili wa mzee Kitwa, mvuvi, akasoma kwa mapadri, akaja Kamina mwaka 1951 kuendelea na masomo, akawa mwalimu wa hesabu na kazi za mikono tarehe 3 Septemba 1958, na tarehe 6 Agosti 1960 akafunga ndoa na mama Émerence, wakajaliwa mtoto mmoja, Hulda, njo maana sote tulimwita Baba Hulda.

Mwaka 1975 mwalimu mgeni aliyekuwa akirudi kwao alimwachia injini ndogo za baruti za kurushia roketi za wanafunzi, na Baba Hulda, jamani, akapotelea humo hata bukari, ugali wake, ikapoa mezani. Bomba alilitengeneza kwa karatasi ngumu, lakini kazi yenyewe ilikuwa mipasuo mitatu ya kuchomekea mabawa: unazungusha ukanda wa karatasi kwenye bomba, unaondoa sehemu iliyopandana, unaukunja mafungu matatu sawa, unauzungusha tena na kutia alama kwenye bomba penye mikunjo, unalaza bomba kwenye pembe ya fremu ya mlango ili mstari unyooke, ndipo unapitisha wembe taratibu, bila kukandamiza.

Tarehe 23 Juni 1979, kwenye sikukuu ya shule, alikuwa na haraka, akasahau kuondoa sehemu iliyopandana, mabawa yakakaa upande, roketi ikapinda hewani, ikaunguza jiko la nyasi la mama Bolingo, mke wa askari. Vita vilikuwa vimetoka kupita, watu wakasema anawaonyesha waasi njia. Alichukuliwa, akafungwa miezi minne, akawaeleza habari ya ukanda wa karatasi, wakamcheka, maana nani angeamini kwamba mtu anaweza kuangamia kwa upana wa ukucha? Alirudi na kifua kibovu, bila kazi, na watoto aliowafundisha walikatazwa kumsalimu.

Tangu hapo alitaka jambo moja tu, roketi moja ipande imenyooka mbele ya watu wote, waone kwamba lile lilikuwa kosa la mkono, si la moyo. Mikono ilikuwa ikitetemeka kwa ugonjwa, akakata mpasuo wa kwanza, akakata wa pili, wa tatu ukamshinda, akalia mbele ya mke wake. Aliaga dunia hospitalini tarehe 11 Novemba 1981.

Jana mama Émerence, ambaye hajawahi kushika kazi hiyo, alilaza bomba kwenye fremu ya mlango akakata wa tatu, huku akimgombeza marehemu kwa nini hakumngoja. Tuliomba ruhusa ya kuirusha roketi hiyo leo, tukanyimwa.

Tunamshukuru daktari na muuguzi Edmond waliomtunza hospitalini, tunawashukuru walimu wenzake waliokuja, na wale waliopita ng'ambo ya barabara tumewaona pia, lakini zaidi tunamshukuru mama Bolingo, ambaye tangu siku ya kwanza ndiye anayewapikia waombolezaji.

Roketi iko hapa juu ya sanduku, na ukanda wa karatasi uko pembeni yake. Tutaishusha pamoja naye. Kabla hatujaishusha, aliyesema neno baya juu ya mtu huyu aje aipime kwa ukanda huo.

Baba Hulda, imenyooka. Pumzika sasa kwa amani.