Bernado Nyamhanga, Aliyekataa Kummiminia Mgeni Bia Iliyochacha

Wasifu wa marehemu, umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Mwalimu Jenoveva Nyamhanga, Jumapili tarehe 16 Machi 1980.

Padri wetu, wazee, wakwe zetu, majirani na nyote mliokuja kutuzikia. Kamati ya mazishi iliniomba niandike kwa kifupi na nisitaje bia kabisa. Hilo la ufupi nimelikubali. Tangu juzi nasikia watu wakinong'ona kule kwenye mafiga kwamba Bernado ameuawa na pombe, wengine wanasema hayo huku wanakula ugali wa msiba wake. Nimekasirika, na sitaficha. Kaka yangu hataingia kaburini akiitwa mlevi nami nipo hapa nimenyamaza.

Marehemu alizaliwa Butiama tarehe 12 Agosti 1934, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nyamhanga na marehemu mama yetu Robi. Mama alikuwa mpika pombe anayejulikana. Pombe yake ya ulezi ikiiva asubuhi, majirani waliitwa siku hiyo hiyo, wakaketi kuzunguka chungu na mirija yao mpaka jioni. Iliyolala ilimwagwa. Kumwekea mgeni pombe ya jana kwetu ilikuwa ni kumwambia aende zake, na Bernado alilijua hilo kabla hajajua kusoma.

Alisoma Nyegina kuanzia mwaka 1944 hadi 1950, kisha akabaki pale misheni kujifunza useremala kwa Bruda Gerhadi, Mjerumani mmoja mrefu, mkali, mwenye moyo mzuri. Chini ya karakana Bruda alikuwa na chumba cha mawe chenye ubaridi, na humo alipika bia ya kwao kwa shayiri na maua fulani makavu machungu aliyotumiwa na dada yake. Jumamosi, randa na misumeno ikishasafishwa, kila fundi alipewa bilauri moja. Moja tu. Kaka alisema bilauri ile ilikuwa na povu zito, uchungu safi, na harufu ya mkate unaotoka jikoni. Bruda alipouliza wanaionaje, yeye alijibu, "Ni kama ya mama, imeiva leo." Bruda alicheka sana, akamwambia kumbe yeye na mama yetu wanafahamiana bila kukutana. Mwaka 1959 Bruda alirudi kwao, na chumba kile kikawekwa viazi.

Marehemu alifanya kazi ya useremala mgodini Kiabakari kuanzia mwaka 1953 hadi mgodi ulipofungwa, kisha akafungua karakana yake Bunda. Meza za shule ninayofundisha ni kazi ya mikono yake na hazijalegea hata moja. Kutafuta bia inayofanana na ya Bruda kulikuwa starehe yake pekee, na starehe hiyo ilimtesa. Bia za Kijerumani zilifika Musoma mara chache, kwa meli kutoka Mwanza, zikaachwa gatini juani kama matofali, zikapakiwa kwenye lori lisilo na turubai, zikapangwa dirishani mwa baa ili wapita njia wazione zinavyong'aa. Kila alipoingia baa swali lake la kwanza lilikuwa, "Imefika lini?" Watu wakamtania, wakamwita Bwana Imefika Lini. Mwenye baa mmoja pale Musoma alimfokea, "Wewe Nyamhanga, bia si samaki!" Kaka akamjibu, "Samaki ana nafuu. Akioza ananukaga kabla sijamlipia."

Aliyemwelewa ni rafiki yake Salum, dereva wa lori, Mwislamu safi asiyeonja kileo. Salum ndiye aliyezivizia kreti gatini, akamletea kaka chupa zake mbili zikiwa zimefungwa kwenye gunia bichi, chini ya majani. Wenzake walimcheka. Yeye alisema, "Mimi sinywi, lakini nakunywaga maziwa. Najua jua linafanya nini." Chupa mbili kwa Jumamosi, zikipatikana. Zisipopatikana, chai. Huyo ndiye mlevi wenu.

Alifunga ndoa na Wankyo tarehe 20 Aprili 1963, hapo hapo Bunda. Siku ya kwenda kujitambulisha, baba mkwe alitoa uvunguni chupa za bia alizomwekea mkwe wake mtarajiwa kwa heshima kubwa. Bernado alionja, akauliza kwa upole, "Baba, hii imefika lini?" Mzee akajibu kwa fahari, "Siku ya Uhuru! Tangu siku ile sijaruhusu mtu aiguse." Ilikuwa imekaa zaidi ya mwaka. Kaka aliinywa yote, akamiminiwa nyingine, akainywa nayo, akashukuru. Njiani kurudi, mimi nikiwa nimemsindikiza, alitapika mara kadhaa, akaniambia, "Jeni, huyu binti nimempenda kweli." Hakuwahi tena kunywa bia mbovu kwa ajili ya mtu yeyote.

Mwaka 1974 tulihamia kijijini hapa pamoja na wengine. Bernado hakununa. Alivunja karakana yake, akaijenga upya hapa, akatengeneza milango ya zahanati, na kwa kuwa alikuwa mwaminifu kijiji kikamfanya mtunza ghala. Mwaka uliofuata wakaja Wajerumani waliotuchimbia kisima. Mwezi Septemba, kabla ya sherehe ya kukizindua, walituletea zawadi: kreti za bia ya kwao, zimetoka kiwandani si muda mrefu. Kaka alishika chupa moja akaitazama kwenye mwanga, akatabasamu kama mtoto. Miaka kumi na sita alikuwa akiitafuta, na sasa ilikuwa mlangoni pake.

Mwenyekiti wetu wakati ule, Mzee Burito, aliamuru iwekwe kwenye ghala la pamba, juu kabisa karibu na bati, ikingoja sherehe. Kaka alimwomba iwekwe chini kwenye kivuli. Akaambiwa zawadi ya heshima haiwekwi chini. Sherehe ikaahirishwa, kwa sababu mkubwa fulani wa kuja kukata utepe alikuwa na safari. Ikaahirishwa tena. Kaka alirudi kwa Mwenyekiti, safari hii na mimi nikiwepo. "Mwenyekiti, itanyweka sasa au haitanyweka kabisa. Wape wazee wainywe. Mimi nisipewe hata tone." Burito akasema, "Bia ya wageni haiguswi." Basi haikuguswa. Ilikaa ndani ya tanuri lile mpaka Februari, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Bernado muda wote huo. Siku ya sherehe kreti zilitoka zimejaa, hakuna chupa iliyopungua. Nauliza, kwa sauti, ili walio nyuma wasikie: ni mlevi gani huyo?

Siku hiyo alifungua chupa ya kwanza mbele ya meza kuu, akainusa, akaionja, akaiweka chini. Mzee Burito akasema, "Mimina, wageni wanasubiri." Kaka akasema, "Imechacha, Mwenyekiti. Sisi mgeni hatumpatiaga kitu kilichochacha." Watu wakashika vichwa. Wageni wenyewe wakaonja, wakakunja nyuso, wakacheka. Kwa bahati, Wankyo alikuwa na chungu cha ulezi kilichoiva asubuhi ile. Kikaletwa, wageni wakapewa mirija, na mmoja wao, mzee, akafuta midomo akasema kwa Kiswahili cha kubabaisha, "Hii ya leo!" Mzee Burito naye aliketi kwenye chungu kile, na alikuwa wa mwisho kuinuka.

Baadaye wakubwa waliuliza ilikuwaje zawadi ya wageni ikaharibika. Ndipo Mzee Burito aliposimama mkutanoni akasema mtunza ghala alikuwa amelewa, hakuangalia mali, na ameaibisha kijiji. Amelewa! Kaka yangu aliwekwa ndani, akanyang'anywa ufunguo, akarudi nyumbani. Hakujitetea. Alisema waliokuwepo wameona. Ndiyo, mliona, na mkanyamaza, na watoto wake wakaitwa watoto wa mlevi njia nzima ya kwenda shule.

Mwaka jana mwezi Agosti alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Daktari wa Musoma alituambia waziwazi mimi na Wankyo: ni moyo, ini lake ni zima. Nalirudia kwa wale wa kwenye mafiga: ini lilikuwa zima. Wiki yake ya mwisho Salum alihangaika mji mzima, maana mnajua bia zilivyoadimika tangu vita, akapata chupa moja ya Kijerumani, akaileta wodini imefungwa kwenye gunia bichi. Bernado aliishika, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akacheka mpaka akakohoa. "Salum ndugu yangu," akasema, "umeteseka bure. Hii ilishakufaga." Wakacheka wote wawili, kisha wakalia. Hata siku zake za mwisho hakuweza kusema kibaya ni kizuri. Alifariki Ijumaa tarehe 14 Machi 1980, alfajiri, Wankyo akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Wankyo. Watoto wanne, Boniphace, Robi, Kwangu na Tabu. Mimi mdogo wake. Na Salum, ambaye katika ukoo wetu ni ndugu.

Mzee Burito, nakuona umeketi mstari wa mbele. Kamati imekupangia utupe udongo wa kwanza kwa niaba ya kijiji, na sitakuzuia. Ila kabla hujashika koleo, geuka uwatazame hawa watoto wanne, useme mbele yao kwamba siku ile baba yao hakuwa amelewa. Hatuna haraka.

Bernado apumzike kwa amani. Udongo utakusubiri, Mzee Burito.