Nyumba ya Tatu: Kumuaga Bi Gambuti

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata mama yangu mzazi: mimi naamini mama mkubwa ameshindwa. Naye anaamini hivyo. Hatujawahi kulizungumza, lakini tukiwa mezani mvua ikaanza kugonga bati, yeye huacha kutafuna, nami huacha kutafuna. Basi, tunajuana.

Sasa nianze inavyotakiwa. Mhadhiri wa afya ya jamii, ambaye wanafunzi wa chuo hiki humwita Bi Gambuti, anastaafu mwisho wa mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Ni dada wa mama yangu, na ndiye anayenilea tangu nilipoingia sekondari. Wasifu huu ulipaswa kuandikwa na mfanyakazi mwenzake. Wenzake wakatupiana mpira, mwisho yeye akasema, "Aandike huyu mwanangu. Mdomo hana, lakini macho anayo."

Jina la Gambuti lilitokana na viatu vyake vya mpira, alivyoingia navyo hadi darasani. Mama wa usafi akimwona tu mlangoni hupaza sauti: "Mwalimu, leo umetuletea shamba zima?" Naye huvua, huchukua ufagio, hufagia tope lake mwenyewe huku ameshaanza mhadhara. Wanafunzi waliodhani afya ya jamii ni koti jeupe aliwapeleka bondeni, chini ya kiwanda cha ngozi, akawasimamisha kando ya mto wavute ile hewa. Ni marufuku kumuuliza mtu swali, aliwaambia, kabla hujamsaidia kubeba kitu.

Na kiwanda hicho alipambana nacho. Alipima maji, akawaonyesha wazazi vipele vya watoto wao vinakotoka, akaandamana nao mpaka getini. Wakapanda matete ukingoni yashike udongo na kuchuja uchafu. Matete yalishika kweli. Kisha yakaja malori ya kifusi, na leo pale ni maegesho ya magari ya kiwanda hichohicho.

Kilichomletea sifa kubwa, hata hivyo, ni mpango wa nyumba ya tatu. Zamani mafuriko yakija, kila mtu bondeni alimtegemea jirani wa ubavuni, kumbe jirani naye yuko juu ya meza anapiga mayowe vilevile. Mama mkubwa akawapanga upya: kila nyumba iwajibike kwa nyumba ya tatu kushuka mtoni, kwa sababu maji yakifika magotini kule, wewe bado uko pakavu na una nafasi ya kwenda. Nilikuwepo mkutanoni, nimejibanza nyuma ya mgongo wake. Fundi cherehani mmoja, mwanamke wa kicheko kikubwa, akasimama.

"Mwalimu, nyumba yangu ya tatu ni ya yule aliyeninyang'anya mume! Nikambebe yule?"

"Mbebe," mama mkubwa akamjibu. "Mkishafika pakavu, mtagombana."

Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Mvua kubwa zilipokuja, fundi alimbeba. Walipanda kilima wakitukanana njia nzima, lakini walipanda. Msimu ule bonde halikuzika mtu.

Mama mkubwa aliandika ripoti kwa ile lugha tunayosomea sayansi shuleni, ambayo watu wa bondeni hawaisomi. Ilisifiwa. Alipewa tuzo, ile ya kioo iliyopo kabatini. Ilieleza vizuri mno jinsi wakazi walivyo wastahimilivu, na wakubwa wa manispaa waliisoma vizuri mno. Bonde lilikuwa limeahidiwa mfereji mkubwa wa kupitisha maji. Mfereji ukahamishiwa mtaa mwingine. Sababu ikasomwa hadharani: wakazi hawa wameonyesha kuwa wanajimudu.

Mvua zilizofuata zilikuwa za kawaida, wala si kubwa kama zile. Lakini matete hayakuwepo tena, na mfereji haukuwepo. Maji yalishuka na rangi ya kiwanda, kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Fundi cherehani alitoka kwake pakiwa bado pakavu, akashuka nyumba ya tatu, kama alivyofundishwa. Nyumba ilikuwa tupu. Mwenyewe alikuwa ameshakimbia. Fundi hakurudi.

Tangu siku hiyo neno ustahimilivu halitamkwi nyumbani kwetu. Mama mkubwa hutaka jambo moja tu: lisemwe mbele ya watu kwamba ripoti yake ilitumika kuwanyima watu mfereji, na mfereji haujachimbwa mpaka leo. Amelisema kwenye vikao vingi. Kila mara walimpigia makofi, wakamsifu kwa unyenyekevu wake.

Jana mkuu wa idara alinikalisha chini kwa upole. "Mwanangu, haya ni maagano, siyo matanga. Mgeni rasmi anatoka manispaa. Weka tuzo, weka gambuti, watu wacheke. Hayo ya mfereji yaache." Si mtu mbaya. Ana idara ya kuilinda. Lakini nafasi ya mama mkubwa haitajazwa, na hii ofisi yake ninamoandikia, iliyobaki meza na kabati, itakuwa stoo ya viti. Asiposemewa wiki hii, hasemewi tena. Wala sijidanganyi kwamba karatasi yangu italeta katapila bondeni. Itasomwa, itakunjwa, watu watajipepea nayo ukumbini.

Mama mkubwa, idara inakushukuru kwa kuwafunza vijana wake kunusa kabla ya kuandika. Mimi nakushukuru kwa kutonidanganya kamwe kwamba mambo yatakuwa sawa. Tunakuombea afya njema na siku nyepesi, japo najua mawingu yakitanda tu utakuwa njiani kwenda kule bondeni.

Nasikia viatu kwenye korido. Ni mkuu wa idara, anakuja kuchukua karatasi aipeleke kwa mpiga chapa. Tangu darasa la kwanza, mtu akinikaribia nikiandika, mkono wangu hufunika maneno wenyewe bila kuutuma. Umefunika hata sasa.

Nauondoa. Ingia, mwalimu, mlango haujafungwa.