Nyumba Hii Ipimwe na Mgeni

Sogeeni, wanangu, na wewe kaka yangu acha kujifanya unatazama dirishani, maana sauti niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Kifungua mimba wangu, najua unataka kuinunua nyumba hii nikishafumba macho, umpe mdogo wako haki yake naye akaanze maisha kwingine. Ni wazo zuri, na nimelifurahia. Lakini najua pia mnangoja mimi nitaje bei, kwa kuwa neno la mama anayekata roho halipingwi. Sitaitaja. Mjomba wenu, dalali mzoefu, ameshataja yake, bei ya kindugu anaiita, na tangu aitaje ninyi wawili mnasalimiana shingo upande.

Nimeshona nguo maisha yangu yote, na sijaona mteja aliyejipima kiuno mwenyewe asivute tumbo ndani. Muuzaji yuko hivyo, mnunuzi yuko hivyo, na dalali ndiye kabisa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Usininunie, kaka, nakutania huku nakwambia kweli.

Sikilizeni nililoliona kwa macho yangu. Kabla hamjazaliwa, mimi na marehemu baba yenu tuliipenda nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, yenye sakafu inayong'aa hata ukajiona uso, na mjomba wenu akatuhimiza tutie saini upesi, eti wanunuzi wengine wako mlangoni. Baba yenu akakataa kununua mbuzi kwenye gunia. Akamwita mthamini, mwanamke asiyetujua sisi wala mwalimu, naye akasema kitu kilichotuchekesha: atakuja siku ya mvua. Tukangoja, mjomba wenu kavimba kwa hasira. Mvua ilipomwagika, watu wakikimbilia barazani, mthamini ndiyo kwanza akaja na viatu vya mpira, akapima kuta, akapanda darini, kisha akasimama katikati ya sebule, akavua viatu, akatuomba tunyamaze, nami akaniambia nivue vyangu.

Wanangu, ile sakafu ilikuwa inatetemeka. Kidogo sana, kama koo la mtu anayenong'ona. Chini yetu maji yalikuwa yanapita, mkondo mzima ambao hakuna aliyeujua, na yule mwalimu aliyelea watoto wake humo akapiga magoti, akalaza sikio sakafuni, halafu akasema, "Kumbe siku zote nimelala juu ya mto." Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Baba yenu alinishika mkono, nami niliogopa, nikastaajabu, nikamshukuru Mungu, yote kwa pamoja. Yule mthamini hakutukataza kununua. Alitupa bei ya nyumba yenye mto chini yake, akavaa viatu, akaenda zake.

Sasa hii yetu, tuliyoipata baadaye. Nimewazaa humu, na baba yenu nilimtoa humu kwenda kumzika, na ukipenda, chongo huita kengeza. Ule ufa wa jikoni mimi siuoni tena. Nikitaja bei nitauza na vicheko vyenu vya utotoni, mkubwa alipe asichokipata, au nimwonee huruma mkubwa, mdogo apunjwe, kisha mchukiane juu ya kaburi langu.

Kwa hiyo nimeita mthamini. Hanijui, simjui, na anakuja asubuhi hii. Msimsimulie habari zetu. Msimwonyeshe picha ya baba yenu. Mkubwa, akitaja bei ya juu, lipa na usilalamike. Mdogo, akitaja ya chini, pokea na usinune. Kaka, wewe kaa kimya, najua ni kazi ngumu.

Nipeni maji... Inatosha. Mungu awape usingizi wa watu wasiodhulumiana, popote mtakapolala. Mkigombana, mpatane kabla chakula hakijapoa. Nawapenda. Nawapenda wote.

Hodi hiyo... ni yeye. Hapana, msimfungulie kwanza. Nitoeni, na godoro langu, mkaniweke uani. Akinikuta hapa atatia huruma kwenye hesabu. Fungueni madirisha, harufu ya dawa itoke. Kaka, shika miguu... taratibu... mkubwa huku, mdogo huku...

Haya. Chumba kitupu. Mkaribisheni.