Keki Chini ya Taulo

Tulikuwa kwenye basi la kwenda soko la wakulima. Mbele yangu mama mmoja alikumbatia kapu lililofunikwa taulo mbili. "Keki zikirudi tena leo, mume wangu anauza oveni," alimwambia jirani yake, msuka mikeka.

"Dada, umezifunika gubigubi kama mgonjwa. Nani atanunua asichokiona?"

"Na vumbi je, kaka? Mimi siuzi uchafu."

"Basi utazila mwenyewe, zikiwa safi."

Mimi mwanzoni nilidhani kabeba nguo za kufua. Sikusema, kwa kuwa sikuulizwa.

Mama akainua pembe ya taulo. Harufu ya siagi ikatufikia, abiria wakageuza shingo. Akafunika upesi.

"Umewaona?"

"Nimeliona vumbi."

Basi likasimama. Nilikuja kununua vitunguu tu, lakini nilishuka nyuma ya mama wa keki.