Malkia Amegoma Kusamehe

Benchi letu lipo mbele ya karakana ya seremala, na kahawa tunainywa miguu ikiwa kwenye maranda. Wenye benchi ni Seremala mwenyewe, Kinyozi wa jirani, na dereva mstaafu tunayemwita Breki kwa sababu hakuwahi kuzikumbuka kwa wakati. Mimi husikiliza tu. Kesho kikundi cha mtaa kinaonyesha mchezo wa kale wa mfalme aliyemfukuza mkewe kwa wivu. Seremala ndiye mfalme, mkewe ndiye malkia, na tangu juzi malkia amegoma kusema maneno yake ya mwisho.

— Anatakiwa aseme, “Nimekusamehe, bwana wangu,” Seremala alieleza. Akifika hapo ananyamaza. Ananitazama tu.

— Kasahau, akasema Kinyozi.

— Kilio chote cha kufukuzwa anacho kichwani, asahau maneno matatu?

— Basi ni taji, akasema Breki. Nani atamnyenyekea mfalme aliyevaa kifuniko cha birika?

— Taji halina shida.

— Basi kikundi cha mtaa wa pili kimemnunua. Wanataka tuaibike.

— Kosa ni la michezo yenyewe, akasema Kinyozi. Mwanamume anafoka, anafukuza, anafunga watu. Pazia likikaribia kushuka, mke anaambiwa samehe, tupige makofi. Wanawake wameshashtuka. Leo mke wake, kesho wangu.

— Mkeo si haigizi?

— Ndiyo maana naogopa zaidi.

Tulicheka. Seremala hakucheka.

— Jamani, nyumbani hasemi na mimi. Tangu nilipokwenda kumfokea dukani kwake mbele ya wateja, eti anampima bwana mmoja suruali muda mrefu mno. Sauti yake naisikia jukwaani tu. Sasa na huko kanyamaza.

Nilimhurumia. Mfalme mzima, anasubiri mazoezi ili asemeshwe na mkewe.

Dada mmoja aliyefuata kiti chake alikuwa amesimama akingoja gundi ikauke.

— Samahani, kaka zangu. Huyo mfalme anaomba msamaha sehemu gani?

Seremala alifumba macho, midomo ikicheza, akaupitia mchezo wote hadi pazia, asiione.

Seremala alivua aproni, akaacha kahawa yake ikitoa moshi, akatuuliza mkewe hufunga duka saa ngapi. Sisi tungejuaje.